Kilwa, Dola ya Pwani ya Kusini



Vijana hutuuliza watu wa Gujarat walifika lini katika nchi hii, nasi tumezoea kuwajibu kwa mkato kwamba wazee walikuja wakati wa reli. Jibu hilo halitoshi. Ndiyo maana leo tumechagua kuwapeleka mbali na ziwa letu, hadi Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, palipokuwa na dola karne nyingi kabla ya reli.

Kilwa ni kisiwa kidogo cha matumbawe kilichokaribiana na bara, na mlango wa maji uliopo kati yao una kina na utulivu wa kutosha vyombo kutia nanga. Masimulizi ya kale husema kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kutoka kwa mfalme wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Sisi tuliokulia madukani, tukipima kaniki kwa yadi, hatuachi kujiuliza ni nani aliyeshika kipimo siku ile! Iwe kweli au hadithi, yaonyesha nguo ilivyothaminiwa.

Nguvu ya Kilwa ilitokana na upepo. Kaskazi, ivumayo Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni na Gujarat, kusi ikavirudisha. Chombo kilichoishia Kilwa kiliweza kurejea kwao katika msimu uliofuata, lakini kilichokwenda kusini zaidi kilijihatarisha kuachwa na pepo hizo. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, ililetwa Kilwa kwa vyombo vya pwani, na masultani wakaitoza ushuru. Wakulima wa kahawa mlioketi hapa mtaelewa upesi: dhahabu haikuchimbwa Kilwa, kama vile kahawa haivunwi juu ya gati la Kemondo, lakini mwenye gati hakosi fungu lake.

Miongoni mwa bidhaa zilizobadilishwa kwa dhahabu hiyo zilikuwamo nguo za pamba za Khambhat na shanga za akiki, zote za Gujarat. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100, na kuupanua Msikiti Mkuu. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Great Zimbabwe. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliupora mji na kujenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini Sofala waliishikilia, na Kilwa ikabaki na bandari isiyo na dhahabu.

Sehemu inayofuata haipendezi, nasi hatutairuka. Katika karne ya 19 biashara ilihamia Kilwa Kivinje, bara, bandari kuu ya misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi forodha ya Sultani wa Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Mundra huko Kutch, na watumwa nao walitozwa ushuru kama bidhaa. Sultani Barghash alipiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari mwaka 1873. Anayejivunia nguo za Khambhat mbele ya wajukuu na awasimulie pia habari za forodha ile. Majirani zetu wanazijua.

Wakati huohuo mtu wa Surat alikuwa tayari amefika karibu na hapa tulipo. Musa Mzuri, Mwislamu wa jamaa ya Khoja, alifanya biashara Tabora na kufika Karagwe, kwa mfalme Rumanika, kabla Speke hajapita huko mwaka 1861.

Tumeiomba kamati ya hekalu iandae safari ya vijana kwenda Kilwa, na watoto wa majirani wawemo. Kibali cha kuzuru magofu hutolewa Kilwa Masoko, na kutoka hapo huvukwa kwa mashua.