Kukata Mguu Ili Mtoto Asimame

Chini ya goti binadamu ana mifupa miwili: mmoja mnene unaobeba uzito wa mwili, na mwingine mwembamba wa upande wa nje, ambao madaktari huuita fibula. Wapo watoto wachache wanaozaliwa huo mwembamba haupo, au upo nusu. Mguu huwa mfupi, pengine umepinda, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo tofauti inavyozidi.

Hospitalini mzazi huelezwa njia mbili. Ya kwanza ni kuurefusha mguu. Daktari Gavriil Ilizarov wa Kurgan, huko Siberia, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mfupa ukikatwa, ukashikwa kwa pete za chuma na kuvutwa taratibu, mfupa mpya huota katikati. Kipimo ni milimita moja kwa siku. Kazi hiyo huchukua miezi, huuma, na mara nyingi hurudiwa.

Njia ya pili ndiyo inayowaliza wazazi: kukata mguu kwenye kifundo mapema, mtoto akikaribia umri wa kutembea, kisha kumvika mguu wa bandia. Hapo ndipo maneno huanza. Mawifi na majirani humwuliza mama: "Mtoto ana mguu wake, unakubalije ukatwe?"

Mimi naona swali hilo si la haki. Aimee Mullins wa Marekani alizaliwa mwaka 1975 bila fibula katika miguu yote miwili. Alikatwa chini ya magoti akiwa na mwaka mmoja. Mwaka 1996 alikimbia katika michezo ya Olimpiki ya walemavu mjini Atlanta.

Sisemi kila mguu ukatwe. Kifundo kikiwa imara na tofauti ya urefu ikiwa ndogo, na urefushwe. Ninachosema ni kwamba daktari aupime mguu, wazazi waulize yote, pamoja na gharama, maana mguu wa bandia hubadilishwa kila mtoto akikua. Kisha waamue wao, baba na mama pamoja, si mtaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefichwa chumbani kwa aibu hapati hata njia moja kati ya hizo mbili. Mtoeni, mpelekeni.