Chumba Chenye Shimo: Mazungumzo na Baba na Mama wa Kolwezi

Leo hatutasema juu ya malaria wala kuhara. Tutasema juu ya kutengeneza nyumba ya zamani, hasa chumba ambacho chini yake palichimbwa shimo la madini.

Siku moja mama mmoja alituletea mtoto wake wa miaka 3. Mtoto alikuwa anakohoa. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akajibu: "Tuko natengeneza chumba cha nyuma, ile yenye ilikuwa na shimo. Baba anavunja siminti, mie nafagia. Mupangaji ataingia mwezi ujao." Nikauliza: "Na mtoto anakaa wapi unapofagia?" Akasema: "Anacheza pale pale, mu udongo."

Kikohozi cha mtoto kina sababu nyingi, na sikuweza kumwambia kwamba ni vumbi lile tu. Tulimpima mtoto na kumtunza. Lakini nilimwomba yule mama wasimamishe kazi siku ile ile. Nitawaambia sababu yake.

Mnajua habari ya Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya mtaa ule, watu walichimba katika lupango, kisha mpaka ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushwa ukuta, na familia nyingi zikahamishwa. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mikojo ya watu wa Kasulo, nao wakatoa habari mwaka 2018. Mikojo ya watoto wa pale ilikuwa na kobalti karibu mara 10 kuliko ya watoto wa mahali pasipo uchimbaji. Tena ni watoto, si wachimbaji! Kwa nini? Mtoto anacheza chini, anatia vidole kinywani, na vumbi la nyumba linamfuata mpaka kitandani.

Katika vumbi lile kuna kobalti, na pia uraniumu. Kobalti ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kudhuru mapafu na moyo. Uraniumu inatoa hewa iitwayo radoni, isiyo na harufu wala rangi, inayokusanyika mashimoni na katika vyumba vilivyofungwa. Na vumbi la mawe yanayovunjwa linachosha mapafu, hata kifua kikuu kinapata njia.

Wengine watasema: "Tutakunywa maziwa, itasafisha." Maziwa ni chakula kizuri, mpeni mtoto. Lakini maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Hayakutani.

Basi, tufanye namna gani?

1. Watoto na mama mwenye mimba wasikae pale wakati wa kazi. Waende kwa shangazi au kwa jirani mpaka kazi iishe na nyumba ioshwe.

2. Hapana kufagia kavu! Nyunyiza maji kwanza, ndipo uvunje. Nyunyiza tena, ndipo uzoe. Mwishoni pangusa ukuta na sakafu kwa kitambaa chenye maji.

3. Fundi avae barakoa nzuri, ile yenye alama FFP2. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi jembamba.

4. Nguo za kazi zivuliwe nje na kufuliwa peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Fundi aoge kabla ya kula bukari na kabla ya kubeba mtoto.

5. Unga, sufuria na maji ya kunywa vitolewe kabla ya kuanza. Maji machafu ya kuoshea yasimwagwe kwenye lenga-lenga wala karibu na kisima.

6. Magunia ya mawe yasilale nyumbani hata usiku mmoja. Wala usichukue mchanga wa madini uliotupwa ili upige lipu au sakafu. Ni wa bure, lakini utakaa nao miaka yote.

Sasa, shimo lenyewe. Usishuke katika shimo lililoachwa, hata kama nyundo imeanguka. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni. Mtu anaanguka bila kupiga kelele, na ndugu anayemfuata anaanguka juu yake. Tena usifunike shimo kwa mbao na siminti nyembamba. Njia za chini zinakwenda mbali, mpaka chini ya nyumba ya jirani, na mvua zikija udongo unashuka. Mwite fundi anayejua mashimo. Lijazwe udongo safi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe, ndipo zege nene iwekwe juu. Chumba kiwe na madirisha mawili yanayopitisha hewa.

Kama fedha hazitoshi kwa kazi hiyo, funga mlango na uache. Najua kodi ya chumba ni karo ya shule. Lakini mupangaji naye ana watoto, na watalala juu ya shimo wasilolijua. Kabla ya kupokea fedha yake, mwonyeshe mahali, mwambie: "Hapa palikuwa na shimo, tumelijaza namna hii." Akikataa, ana haki.

Na mtu yeyote mwenye kikohozi kinachopita wiki 2, aje apimwe. Akifika, asiseme tu "Ninakohoa." Aseme pia: "Nilivunja sakafu juu ya shimo." Neno hilo litamsaidia munganga kujua la kutafuta.

Yule mama alirudi baada ya siku chache. Mtoto alikuwa amepona. Chumba kilikuwa bado kimefungwa, na mume wake alikuwa anatafuta udongo safi.