Msikimbilie Jembe

Leo tuongee juu ya ardhi iliyoingia sumu.

Kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, mnakijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi kwenye udongo. Mwaka 2020 korti iliamuru watu walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo.

Risasi haiozi. Mtoto akichezea mchanga, vumbi linaingia mdomoni na ubongo wake unaumia. Ndiyo maana tuna haraka. Lakini mkichimba bila mpango mtapeperusha vumbi tu, ama mtamhamishia jirani sumu.

Kwanza, udongo na visima vipimwe, na mahali penye sumu pachorwe kwenye ramani. Pili, ijulikane udongo huo utapelekwa wapi, na watoto watakaa wapi kazi ikiendelea. Tatu, nani analipa? Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA uwezo wa kumwamuru aliyechafua arejeshe ardhi ilivyokuwa.

Mpango ukiletwa barazani, akina mama, msipige makofi kwanza. Ulizeni: wakishamaliza, nani atapima tena?