Wazee, tunzeni karatasi za vipimo vya tezi dume

(Maneno yaliyosemwa na mhamasishaji wa afya katika mkutano wa wazee wa kambi)

Mimi ni mtoto wenu, na jambo la leo linahusu siri ya mwanamume. Mniwie radhi, lakini kunyamaza kunatuumiza.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Hutengeneza protini iitwayo PSA, na kiasi kidogo huingia katika damu. Hiyo ndiyo inayopimwa. Wengi wakiona namba imepita 4 huanza kuaga jamaa zao. Hapana, wazee. Namba hupanda pia tezi ikikua kwa sababu ya umri, mtu akiwa na maambukizo ya njia ya mkojo, au akiwa amewekewa mpira wa mkojo. Wenye namba kati ya 4 na 10, karibu mmoja tu katika kila wanne hukutwa na saratani. Daktari hurudia kipimo, hupapasa tezi kwa kidole, na ikibidi huchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano. Vipande hivyo ndivyo huthibitisha.

Kwa aliyekwisha tibiwa, PSA ni kama mlinzi. Aliyeondolewa tezi yote, namba hushuka karibu na sifuri. Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikakubali, huenda ugonjwa umerudi, hata kama hasikii maumivu. Aliyetibiwa kwa mionzi, daktari hutazama kama namba imepanda kwa 2 juu ya kile kiwango cha chini kabisa alichofikia. Anayechomwa sindano za homoni, namba ikishuka dawa inafanya kazi. Ikipanda mfululizo, matibabu huangaliwa upya.

Mnaona basi: namba ya leo huhitaji namba ya jana. Sisi tuliokimbia twajua jinsi karatasi zinavyopotea. Andika tarehe, namba na dawa. Weka katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chakula. Ukihamishwa au ukirudi nchini, nenda nazo. Usiache kupima kwa kuwa unajisikia vizuri.

Mkojo ukitoka kwa shida, au ukiwa na damu, njoo zahanati. Mkojo ukiziba kabisa, au mgonjwa wa saratani hii akilegea miguu ghafla, aletwe siku hiyo hiyo, hata usiku.

Akina mama, wakumbusheni.