Kuwauliza Wakaazi Kabla ya Kujenga Bustani



Jumapili jioni Mama Ngina hujaa. Mtu akisimama pale na kuhesabu vichwa, atasema viti na vivuli viongezwe pale pale. Hatakuwa amekosea, ila amehesabu waliofika tu. Mama wa Miritini aliyeshindwa na nauli ya matatu kwa watoto watatu hayumo. Mzee wa Likoni asiyeweza foleni ya feri hayumo. Ndiyo sababu wapangaji hupiga hodi majumbani.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti bustani, fuo na mahali pa burudani. Sensa ya 2009 ilipata watu 939,370 Mombasa. Ile ya 2019 ikapata 1,208,333. Ardhi haikuongezeka. Kiwanja kikishajengwa ghorofa hakirudi, kwa hivyo hesabu lazima itangulie.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu katika kila wadi, kisha huulizwa: nani anaishi hapa, ana umri gani, mwezi uliopita alikwenda wapi kupumzika, alifikaje, na asiyetoka alizuiwa na nini? Chukua mfano kwamba vijana 30 kati ya kila 100 hucheza kandanda. Sensa huonyesha ni watoto wangapi watafika umri huo miaka kumi ijayo, na hapo viwanja vinavyohitajika hukadirika.

Swali la kizuizi ndilo zito. Msichana akisema hachezi, huenda hapendi. Huenda pia uwanja hauna taa wala choo. Majibu hayo mawili hayapangiwi bajeti moja.

Marekani ilijaribu njia hii kitambo. Bunge liliunda tume ya burudani za nje mwaka 1958, kaya zikahojiwa nchi nzima 1960, na ripoti ya 1962 ikaonyesha kwamba wengi walipenda mambo mepesi: kutembea, kuogelea, kwenda mandari. Mombasa nayo huenda ikasema inataka njia ya miguu yenye miti kabla ya uwanja mkubwa wa michezo. Haijulikani mpaka iulizwe, na isiulizwe mwezi wa Ramadhani pekee, wala likizo ya Desemba pekee.

Karani akibisha, muombe kitambulisho kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahusu majibu yenu. Semeni pia ya watoto na ya nyanya aliye chumbani, maana mara nyingi anayejibu ni baba, na baba ana Jumapili zake.