Ukigongwa na pikipiki isiyo na bima

(Mazungumzo kwa mkutano wa wanachama, Kasongo. Yameandikwa karibu sawa yalivyosemwa.)



Komite iliniomba nizungumze juu ya ajali za barabarani. Nilikuwa tayari kusema juu ya kuvaa kaske na kupunguza mwendo, halafu mama mmoja wa komite akaniambia: "Mambo ya kaske tunayajua. Utuambie, mutu akisha kuvunjika muguu, na ule aliyemugonga hana kitu, anafanya namna gani?" Basi leo ni hiyo.

Tuanze na bima. Wale kati yetu waliokaa Tanzania, pale Nyarugusu ama Kigoma mjini, waliona karatasi ndogo ya bima kwenye kioo cha gari, na askari wa barabarani anainama kuisoma. Ukirudi hapa unafikiri sheria ya kwetu haina kitu kama hicho. Iko nacho. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye injini kinachotembea barabarani lazima kiwe na bima ya kulipa hasara inayopata watu wengine. Pikipiki ni ndani. Zamani bima ilikuwa ya SONAS peke yake. Code des assurances ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango, lakini ule wajibu haukuondoka. Ni kwamba sheria iko na bima haiko. Simama pale sokoni, uombe mataximani kumi wakuonyeshe karatasi ya bima, mwenyewe unajua utaona ngapi.

Sasa watu wanasema: hana bima, basi hakuna wa kulipa, tumwachie Mungu. Hapo ndipo ninataka tusikilizane vizuri. Bima ni mtu mwingine anayekubali kulipa deni la mwenye kosa. Kama huyo mtu hayuko, deni halikufa. Linabaki kwa mwenye kosa mwenyewe. Sheria inayosema hivyo ni ya zamani kuliko babu zetu wengi, ya tarehe 30 Julai 1888, ndani ya Kitabu cha tatu cha Code civil, kifungu 258: mtu akiletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima aitengeneze. Na kifungu 260 kinaendelea: anayemtuma mtu kazi anaweza kujibu kwa yale ambayo mtu huyo ameharibu akiwa kazini.

Hicho cha pili ndicho cha maana kwetu. Nani hapa asiyejua namna pikipiki za mjini zinavyotembea? Kijana anaendesha, lakini pikipiki ni ya boss. Kila jioni ama kila wiki kijana anapeleka versement. Ukimshika kijana peke yake utapata shati lake na machozi ya mama yake. Kwa hiyo swali la kwanza baada ya "jina lako nani" ni hili: pikipiki ya nani? Liulizwe siku ile ile, mbele ya watu, kabla boss hajafundisha kijana kusema "ni yangu mwenyewe". Jina la boss liandikwe.

Tuchukue mfano. Mama anatoka shamba jioni, kitunga cha muhogo kichwani. Pikipiki inapita lori, inamkuta pembeni, muundi unavunjika. Anafikishwa hospitali. Siku ya tatu jamaa ya kijana inakuja: wazee wawili, mama wa kijana, kuku, na franka 150 000 ndani ya bahasha. Wanaongea kwa heshima sana. "Mama, sisi ni wamoja, tusipelekane kwa polisi, tuelewane kama wandugu." Hospitali nayo inaomba feza ya kuanza matunzo, na mume hana. Wanaleta karatasi: "nimepokea, sina tena madai." Mama anatia kidole.

Nawauliza: siku ya tatu, nani anajua mguu huo utagharimu ngapi? Munganga mwenyewe hajui. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima unachukua miezi mitatu, mine, mara nyingine zaidi. Ukishika vibaya utapelekwa Kindu. Msimu wa kulima umepita, watoto wamekula mbegu. Ukirudi kwa ile jamaa wanakuonyesha kidole chako kwenye karatasi.

Mimi sikatai masikilizano. Sisi tunaishi pamoja, na masikilizano yaliyofanywa vizuri mbele ya chefu yanaweza kuwa bora kuliko kesi ya miaka. Ninachokataa ni haraka. Pokeeni feza ya matunzo, hata siku ya kwanza, lakini karatasi iseme "avansi ya matunzo, hesabu itafungwa munganga akisema amepona." Maneno hayo machache yanatosha. Iwe na jina la kijana, jina la boss, tarehe, kiasi kwa namba na kwa maneno, na mashahidi wawili, mmoja wa upande wako. Kama hujui kusoma, asikusomee mtu wa upande wao peke yake.

Karatasi zingine za kutafuta ni hizi. PV ya polisi: malalamiko yapokewe na OPJ, uombe namba ya PV na uiandike mahali pawili. Kupokea malalamiko si kitu cha kununua. Najua namna inavyokwenda, "feza ya karatasi, feza ya kalamu", ninyi pia mnajua. Basi mwende wawili ama watatu, na mmoja wa komite, maana mtu peke yake ndiye anayekamuliwa. Halafu certificat médical, iandikwe mapema, ionyeshe kila jeraha na siku ambazo huwezi kufanya kazi. Ukipitia kwanza kwa fundi wa mifupa wa kijijini, sikulaumu, lakini fundi haandiki, na jaji anasoma kilichoandikwa. Halafu risiti zote: dawa, radio, pikipiki iliyokubeba, hata chakula cha mgonjwa. Wekeni ndani ya sashe moja, isilowe.

Kama mtu ana simu yenye picha, apige pikipiki mahali ilipoanguka, plake kama iko, namba ya gile ya taximani kama amevaa. Akikimbia, mataximani wenzake wanamjua. Muende kwa wakubwa wa chama chao na adabu, si na fimbo. Kijana akipigwa na watu, kesi inageuka, na wewe uliyeumia unakuwa unatafutwa.

Kuna kitu kimoja kinachodanganya watu wengi. Polisi wanashika pikipiki, kijana analipa amende, pikipiki inatoka, na mgonjwa anaambiwa "mambo yameisha". Amende ni ya serikali. Haiingii kwenye mguu wako. Pikipiki ikiwa bado inashikwa, mwombe OPJ kwa maandishi asiiachie kabla hasara yako haijaandikwa na boss hajaitwa. Hiyo pikipiki ndiyo kitu pekee cha thamani katika habari yote, na boss atakuja haraka kuliko ulivyofikiri.

Na sasa, wandugu, muda. Andikeni hii. Kuumiza mtu bila kukusudia ni kosa la kifungu 54 cha Code pénal, kifungo cha siku nane mpaka mwaka mmoja. Kwa sababu adhabu yake haipiti mwaka mmoja, kifungu 24 kinasema kesi ya kosa hilo inazimika ukipita mwaka mmoja bila kitu kufanywa. OPJ ama parke wakifanya hatua ya uchunguzi ndani ya mwaka huo, hesabu inaanza tena. Kama mtu alikufa, ni kifungu 53, na muda ni miaka mitatu. Njia ya kudai feza peke yake, bila kosa la jinai, inaishi miaka mingi zaidi, lakini kule ni wewe unayelipa gharama na kutafuta ushahidi wote. Kwenye kesi ya jinai, parke ndiyo inavuta, na wewe unaingia ndani kama partie civile kuomba fidia.

Mnaona sasa juu ya nini jamaa nyingine zinaahidi pole pole? "Ngoja tuuze mchele. Ngoja mjomba atoke machimbo ya Salamabila." Mara nyingine ni kweli, hawana. Mara nyingine kuna mtu aliyewaambia wahesabu miezi. Ahadi ikipita mwezi wa sita bila feza, usingoje wa saba. Malalamiko yakilala kwa polisi, yapelekwe parke. Na kwa mtu asiye na uwezo kuna attestation d'indigence, inaombwa kwa Affaires sociales, ipunguze mzigo wa gharama za mahakama.

Sasa nigeukie sisi wenyewe. Katika ule mfano, ni nini kilichomfanya mama atie kidole siku ya tatu? Si ujinga. Ni feza ya kuanza matunzo. Mtu ambaye hospitali inamngoja atie feza atakubali bahasha yoyote. Kwa hiyo napendekeza, na komite itaamua, kisanduku chetu cha kusaidiana kiwe na mkopo wa ajali: unatoka siku ile ile, kwa hospitali si mkononi, na unarudishwa kwanza kabisa fidia ikiingia. Isipoingia, unarudishwa kidogo kidogo kama mikopo mingine. Hatutalipa mguu wa mtu, hatuna uwezo huo. Tutamnunulia muda wa kusoma karatasi kabla ya kutia kidole.

Kuna baba alinyoosha mkono akauliza: "Na kama ule aliyegonga ni mutoto wa mwanachama?" Swali zuri, na si la kuchekesha. Vijana wengi wa waliorudi walianza maisha na pikipiki, kwa sababu shamba lilikuwa limekaliwa na watu wengine. Na kati ya wababa waliokaa hapa kuna maboss, siwataji. Jibu langu: mwanachama aliyegonga naye anaweza kuomba mkopo ule ule, alipe matunzo ya aliyemgonga, na jina lake liandikwe kwenye karatasi sawa na la mgeni. Komite isikae kati kufunika. Na wewe boss uliye na pikipiki mbili tatu, bei ya bima kaulize mwenyewe kabla ya kusema ni ghali, halafu uiweke pembeni ya versement ya mwezi mmoja.

Wale wa njia ya Kabambare waliuliza juu ya malori, watu wakikaa juu ya mizigo. Ni sheria ile ile na karatasi zile zile, ila lori likianguka, watu wanaumia kwa pamoja. Msiende kila mtu na malalamiko yake siku yake. Fanyeni liste moja ya majina na majeraha, muipeleke pamoja, na mchague wawili wa kuifuata. Nakala tupu ya ile karatasi ya avansi iko kwa sekretere, kwa Kiswahili na Kifaransa. Kupiga fotokopi ni kwa mfuko wako.