Hotuba kwa wafinalisti: uganga hausomwi bila hospitali



Mulipita Exetat, pongezi. Sasa kila kona ya muji kuko bango: njoo usome uganga hapa. Mbele baba auze shamba ya kulipa minerval, tunawaomba muulize maswali 3.

Ya kwanza: iko wapi arete ya waziri? Muangalie kama inataja fakulte ya uganga yenyewe, si chuo tu. Kama diploma yako haitambuliki, Ordre ya waganga haitakuandika, na bila kuandikwa hauna haki ya kutibu mtu.

Ya pili: labo iko? Miaka 3 ya kwanza ni sayansi za biomedikali: anatomi, fiziolojia, biokemia. Hayo hayajifunzwi kwa silabi peke yake. Muombe mufunguliwe mulango, muone mikroskopi kwa macho.

Ya tatu: staji ni wapi? Bukavu, UEA inafundishia Panzi, hospitali ya Daktari Mukwege. Lubumbashi, UNILU iko na Sendwe. Kinshasa, UNIKIN iko na kliniki zake. Na hicho chuo chenu, vitanda viko wapi? Jibu muliombe kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si kwa ofisi inayopokea makuta.

Kwa Serikali tunadai: orodha ya fakulte za uganga zenye kibali ibandikwe kila muji, mbele wanafunzi waanze kujiandikisha. Munganga asiyefundishwa vizuri, mugonjwa ndiye anamulipia.

Tuulize bila woga. Ni haki yetu.